HUZUNI YA MAMA MZAZI: KUTOKA BALKH HADI GAHANGA



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila anayefuata nyayo zao mpaka Siku ya Mwisho. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, mtoto anapozaliwa miongoni mwetu maswali huwa ni yale yale. Wa kiume au wa kike? Ameshaadhiniwa? Jina gani? Akika lini, na mbuzi amepatikana? Ni maswali mema, na mengi yana asili katika Sunna. Mama aliyelala chumba cha ndani huulizwa tu ameamkaje, naye hujibu "Alhamdulillah", kisha mlango unafungwa. Kwa wengi Alhamdulillah hiyo ni ya kweli tupu. Kwa baadhi yao ni pazia. Nyuma ya pazia kuna mwanamke asiyelala hata mtoto akilala, asiyeonja ladha ya chakula, anayemtazama mwanawe kama mtoto wa jirani, na anayeogopa kulisema hilo kwa sababu anajua ataitwa mama wa namna gani.

Makala hii inahusu historia ya maradhi hayo. Tumechagua njia ya historia kwa makusudi. Tumesikia mara nyingi mno, hata kwa watu wenye elimu yao, kwamba huzuni ya mama mzazi ni mambo ya wazungu, kitu kilichokuja na mashirika pamoja na semina na posho zake. Wengine husema ni udhaifu wa imani. Tukifungua vitabu, madai yote mawili hayasimami.

MARYAM (A.S.) CHINI YA MTENDE

Wanafunzi wetu wengi wamehifadhi Suratu Maryam na wanaisoma kwa tajwidi nzuri. Tunawaomba wasimame kidogo kuanzia aya ya 23. Bi Maryam (a.s.), mwanamke aliyetakaswa na kuteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu, alikuwa peke yake, mbali na watu wake. Uchungu wa uzazi ulimpeleka kwenye shina la mtende, na hapo akatamani lau angekuwa amekwisha kufa kabla ya siku ile, awe kitu kilichosahaulika. Hayo ya mwanamke mwenye daraja kama yake yametajwa wazi katika Kitabu kitakachosomwa mpaka Kiyama.

Wala hakukemewa. Hakuambiwa kwamba imani yake imepungua wala kwamba aongeze nyiradi. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake na tende mbivu juu yake, ale, anywe, atulie. Kisha akafundishwa namna ya kuepukana na maneno ya watu, kwa kufunga kusema nao siku ile. Wahadhiri wengi hukimbilia muujiza wa mtoto aliyesema akiwa mchanga, wakampita mama yake pale pale alipokaa.

Mama wa Nabii Musa (a.s.) naye ametajwa katika Suratul Qasas kuwa moyo wake ulibaki mtupu baada ya kumtia mwanawe mtoni, hata akakaribia kuitoa siri, na kilichomtuliza ni kurudishiwa mtoto amnyonyeshe. Na katika Suratul Baqara, aya ya 233, ambayo siku hizi husikika zaidi kwenye kesi za talaka kuliko kwenye ndoa zilizo hai, baba amepewa jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na imekatazwa mama kutiwa madhara kwa ajili ya mwanawe.

Tuongeze na la Bibi Aisha (r.a.). Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba alikuwa akiagiza talbina, yaani uji mwepesi wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa mfiwa, akieleza alivyosikia kwa Mtume (s.a.w.) kuwa uji huo huupumzisha moyo na kupunguza huzuni. Kwa hiyo uhusiano wa tumbo na moyo haukugunduliwa jana.

Katika wanavyuoni waliofuata yuko mmoja tunayependa vijana wetu wamjue: Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka 235 Hijria (850 Miladia) sehemu za Balkh, ambayo leo iko kaskazini mwa Afghanistan, na kufariki mwaka 322 Hijria (934). Aliandika kitabu alichokiita Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Alilalamika kwamba matabibu wa zama zake wanaandika juu ya mwili na kuiacha nafsi, ilhali kimoja kikiugua kingine nacho huumia. Akaigawa huzuni. Iko huzuni ambayo mwenyewe anaijua sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali, na iko huzuni inayomshukia mtu asijue imetoka wapi. Hii ya pili, alisema, asili yake iko mwilini, na mwenye nayo anahitaji tiba ya mwili pia, si nasaha peke yake. Ni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita! Nakala ya kitabu hicho ilihifadhiwa katika maktaba ya Ayasofya, Istanbul, na haikupigwa chapa mpaka mwaka 1984, huko Frankfurt. Ndiyo maana masheikh wengi wa kwetu hawakukutana nacho.

Lakini tusidanganyane. Elimu hiyo ilikaa mijini na vitabuni. Hospitali za kale kama ile ya Nuruddin Zangi mjini Damascus (1154) na ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo (1284) zilikuwa na sehemu za wagonjwa wa akili, na ni fahari yetu. Mwanamke wa kijijini hakuziona. Yeye alikuwa na mkunga, mama yake na majirani zake. Na pembezoni alikuwapo mtu wa hirizi, aliyesema kila mama anayelia bila sababu ameguswa na Ummu Subyani, jini la kike linalodhaniwa kuwaandama wazazi na watoto wachanga.

AROBAINI ILIVYOFIKA KIGALI

Sheria yetu inaijua hali ya mama mzazi kwa jina la nifasi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, aghlabu yake ni siku 40 na ukomo wake ni siku 60. Mama hatakiwi kuswali wala kufunga katika muda wa damu hiyo. Huko siyo kufukuzwa mbele ya Mola wake. Mwaka wa 10 Hijria, Asma bint Umays (r.a.) alijifungua pale Dhul Hulayfa, msafara wa Hija ya kuaga ukiwa ndiyo kwanza umetoka Madina. Mtume (s.a.w.) hakumrudisha nyumbani. Aliamuru aoge, ajifunge vizuri na ahirimie pamoja na watu.

Juu ya hukumu hiyo watu wa pwani walijenga desturi nzima. Mama wa kifungua mimba alirudi kwa wazazi wake akajifungulia huko. Alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, hakushika ufagio wala ndoo mpaka arobaini itoke. Na hakuachwa peke yake chumbani.

Desturi hii ilipanda bara pamoja na wafanyabiashara na askari waliokuja na Wajerumani. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907, na mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah pale Nyamirambo. Wabelgiji walipochukua nchi waliwatenga Waislamu katika mitaa maalumu iliyoitwa kambi za Waswahili, na Biryogo ni mmojawapo. Ilikuwa dhulma. Lakini ndani ya mitaa ile nyumba zilibanana ukuta kwa ukuta, na mama aliyejifungua hakukosa wa kumpikia. Mtoto akilia usiku, nyumba tatu ziliamka.

Wanyarwanda nao walikuwa na yao kabla Uislamu haujaingia. Mama aliyejifungua alitembelewa na wanawake wakileta chakula na igikoma, uji, kwa desturi inayoitwa guhemba, na siku ya nane mtoto alipewa jina watoto wa jirani wakila pamoja. Hakuna aliyeita mambo haya tiba. Lakini mpe leo mtaalamu wa nafsi orodha hii, mapumziko, chakula, watu wa kuzungumza nao, mtoto kupokewa mikononi ili mama alale, atakuambia mengi ya anayoyaandikia wagonjwa wake yamo humo.

Tuseme na upande wa pili. Arobaini kamili ilikuwa ya mwenye nacho. Inahitaji mtu wa kuteka maji, mtu wa kupika na shamba linaloweza kungoja. Mwanamke maskini wa kijijini tangu zamani alirudi kwenye jembe kitovu cha mtoto hakijakauka, na mwenye mume mkali alirudi mapema zaidi. Wanaosifu mila bila kulisema hili wanasifu nusu.

DAKTARI WA KASANGATI

Huko Ulaya, daktari Mfaransa aitwaye Louis-Victor Marcé alichapisha mwaka 1858 kitabu kizima juu ya wazimu wa wajawazito, wazazi na wanaonyonyesha. Kwa muda mrefu baadaye matabibu wa kikoloni walidhani mwanamke wa Kiafrika haugui huzuni, kwa kuwa anaimba akilima. Dhana hiyo ilipimwa hapa hapa jirani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alikuwa akifundisha Makerere. Alikwenda kwenye kituo cha afya cha Kasangati, nje kidogo ya Kampala, akawahoji wanawake wajawazito kisha akawafuata baada ya kujifungua. Alikuta takriban mmoja katika kila kumi ana huzuni ya kiwango cha ugonjwa. Aliporudi kwao akalinganisha na wanawake wa Scotland, akaona tofauti si kubwa.

Alikuta pia kwamba Baganda walikuwa na jina lao, amakiro. Lilitaja wazimu unaompata mzazi, unaoweza kumfanya amkatae mtoto au atake kumdhuru, na watu walisema husababishwa na zinaa ya mume au ya mke wakati wa mimba. Fikiria, ndugu msomaji, mzigo wa jina hilo. Mwanamke akisema tu kwamba hana raha na mtoto, tayari ndoa yake inashukiwa. Ni nani angesema?

Hapa kwetu majina ni mengine na mzigo ni ule ule: amarozi, abazimu, jini, jicho, mkosi wa ukoo. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, lakini mtu hufichuaje ugonjwa ambao jina lake ni tuhuma?

Mwaka 1987 Cox na wenzake wawili, Jeni Holden na Ruth Sagovsky, walitoa kipimo cha maswali kumi kinachojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Mama anaulizwa juu ya siku saba zilizopita: ameweza kucheka, amejilaumu bila sababu, amekosa usingizi kwa huzuni, na swali la mwisho ni kama amewaza kujidhuru. Hakuna mashine wala damu inayotolewa. Hutumika sasa katika nchi nyingi duniani, na wachache wanajua kwamba mmoja wa waliokitunga alianza kwa kuwasikiliza wanawake wa Kasangati.

AGAHINDA GAKABIJE

Rwanda ilichelewa. Hospitali ya akili ya Ndera ilianzishwa mwaka 1968 na watawa wa shirika la Brothers of Charity, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa peke yake nchi nzima. Mama wa kijijini alifikishwa huko akiwa amefungwa kamba, au hakufikishwa kabisa.

Kisha mwaka 1994 yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hatutayaeleza hapa, wasomaji wetu wanayajua na wengine wameyaona. Tunataja tu kwamba barabara inayotoka Kicukiro kwenda Gahanga inapita Nyanza, ambako tarehe 11 Aprili 1994 waliuawa maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia shule ya ETO, baada ya askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa kuondoka. Ndera yenyewe haikunusurika.

Kwa mada yetu, lililo muhimu ni lililofuata kwa wanawake. Walibaki wajane, na mabinti waliokuja kuzaa miaka iliyofuata bila mama wa kuwapikia uji, bila shangazi wala dada. Guhemba inahitaji jamaa, na jamaa hawakuwapo. Tena kulikuwa na waliobeba mimba kwa kubakwa. Makadirio ya wakati ule yalikuwa watoto kati ya 2,000 na 5,000. Mama akimtazama mwanawe anamuona aliyewaua wazazi wake. Kuna waliowapenda watoto hao kwa mapenzi yanayotushinda kuyaeleza, na kuna walioshindwa, na Mwenyezi Mungu ndiye anayejua vifua vyao.

Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walifanya jambo la busara. Kabla ya kuleta fomu zao walikwenda kijijini nchini Rwanda wakawauliza watu, kwa Kinyarwanda, ni matatizo gani ya moyo waliyokuwa nayo tangu vita. Watu wakataja mambo mawili mbalimbali. Moja ni guhahamuka, kuruka na kuweweseka kwa kiwewe. La pili waliliita agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Walipoendelea kupima watu wazima 368, walikuta 15.5% wanafikia vigezo vya ugonjwa wa huzuni. Hatuoni vipi mtu anaweza kusema tena kwamba ni maradhi ya wazungu, ilhali mkulima asiyejua Kiingereza amelitaja kwa maneno mawili ya lugha yake.

WATIBABU WASIO MADAKTARI

Swali lililobaki ni nani atawatibu, kwa kuwa vijijini hakuna daktari wa akili. Jibu la kwanza lilitoka Uganda mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai, ambazo zilikuwa zimeumizwa sana na ukimwi. Katika vijiji 30 watu wenye huzuni waligawanywa. Baadhi ya vijiji viliundiwa vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Watu walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, upweke na kugeuka kwa maisha. Mwisho wake, katika vikundi hivyo wenye ugonjwa walishuka kutoka 86% hadi 6.5%, na katika vijiji ambavyo havikupata vikundi kutoka 94% hadi 54.7%. Hao hawakuwa wazazi wapya peke yao, lakini njia ilionekana.

Jibu la pili linatugusa zaidi kwa sababu limetoka kwa Waislamu wenzetu maskini, katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan. Daktari Atif Rahman na wenzake walichapisha mwaka 2008 habari za wajawazito 903 wenye huzuni. Nusu yao takriban walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake wa kawaida wenye elimu ya sekondari, waliofundishwa kwa siku chache. Ziara zilikuwa 16, tangu mwezi wa mwisho wa mimba mpaka mtoto anakaribia mwaka. Mazungumzo yalikuwa juu ya fikra zinazomlemea mama na namna ya kuzigeuza, afya yake, mtoto wake na watu wanaomzunguka, na mama mkwe alikaribishwa kikaoni badala ya kukwepwa. Miezi sita baada ya kuzaa, waliobaki na huzuni walikuwa 23%, na wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo 53%. Watoto waliugua kuhara kidogo zaidi na wengi zaidi walikamilisha chanjo. Na akina baba walionekana kucheza zaidi na watoto wao. Shirika la Afya Duniani lilikichukua kitabu cha mafunzo hayo na kukitoa mwaka 2015 ili nchi nyingine zikitumie.

Tukitazama Rwanda tunaona kwamba nusu ya kazi hii imeshafanyika. Tangu mwaka 1995 kuna abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, na baadaye kila mudugudu ukapata mwanamke anayefuatilia wajawazito na wachanga. Mwaka 2000 wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa 27%. Uchunguzi wa 2019-20 ulikuta 93%. Vifo vya wazazi vilishuka kutoka 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 203. Haya ni mambo ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na waliofanya kazi hiyo wanastahiki dua.

Ila mwili na nafsi havikwenda pamoja, malalamiko yale yale ya al-Balkhi. Uchunguzi wa taifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta mtu mmoja katika watano ana tatizo mojawapo la akili, na kwa manusura wa mauaji ya kimbari zaidi ya nusu. Waliojua wapi pa kupata huduma walikuwa 61.7%. Waliokwisha kuitumia walikuwa 5.3%. Kwa hiyo tatizo kubwa si kukosa habari. Watu wanajua mlango ulipo na hawaubishi.

GAHANGA YA LEO

Wengi huijua Gahanga kwa uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017. Sisi tunaijua kwa vilima vyake vinavyoteremka hadi bonde la Nyabarongo, ambako mji na shamba viko pua na mdomo. Katika kilima kimoja utakuta nyumba za ghorofa upande wa barabara, na nyuma yake vyumba vya kupanga vya familia zilizokuja kutoka mikoani kutafuta kazi za ujenzi, na mbele kidogo wakulima waliozaliwa hapo. Waislamu ni wachache na wametawanyika. Si Biryogo. Mama anayejifungua hapa mara nyingi mama yake yuko mbali, safari ya siku nzima, majirani wamehamia mwaka huu, na mume anatoka alfajiri kutafuta kibarua na kurudi usiku, pengine mikono mitupu. Kodi ya chumba haingoji arobaini. Akina mama wa pande hizi wanaowaletea watoto madrasa wametuambia, kupitia wake zetu, kwamba kilichowaumiza zaidi baada ya uzazi ni mchana mrefu wa kukaa peke yao na mtoto analia.

Nani atamuona mama huyo akianza kuzama? Tunadhani hili ndilo swali la Gahanga, na halijibiwi na hospitali.

Yafaa watu wa nyumbani wajue kutofautisha. Kulialia kwa siku chache tangu siku ya tatu hivi ni jambo la wengi na huisha lenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi wiki mbili, mama hana usingizi, hana hamu, anajilaumu, anaogopa kubaki na mtoto, huo ni ugonjwa na unatibika. Ama akianza kusikia sauti, kusema mambo yasiyoeleweka, kukesha bila kuhisi uchovu, au kusema kwamba mtoto ni kitu kibaya, hapo hakuna kungoja kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na mtoto awe mikononi mwa mtu mwingine. Hali hii huwapata mama mmoja au wawili katika kila elfu, na ndiyo ambayo waganga huipata kwanza kwa sababu inafanana zaidi na watu wanavyoliwaza jini.

Kuhusu ruqya, hatuipingi, tunaisoma na tunaamini. Quran ni shifaa. Tunachokipinga ni mtu anayemfungia mama siku tatu bila chakula, kumpiga kwa madai ya kumtoa jini, kuchukua pesa ya mituweli ya familia na kuwakataza wasiende kituo cha afya. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba hakuna maradhi ila Allah ameyateremshia dawa, naye aliamrisha kujitibu. Anayesoma na asome, na gari liwe linangoja nje.

Kuna jambo moja dogo la kifiqhi ambalo limewaumiza wengine. Mama mwenye huzuni, akiwa katika nifasi, hukaa wiki nyingi bila swala, na shetani humwambia kwamba ndiyo maana moyo umekufa. Hajaacha swala kwa uasi. Ameiacha kwa kutii. Dhikri, dua na kumswalia Mtume (s.a.w.) viko wazi kwake siku zote hizo, na mume anaweza kumsomea Quran akisikiliza.

Kwa ndugu wa misikiti ya pande hizi, ombi letu ni dogo. Akika tunaifanya kwa siku moja na nyama inaisha kabla ya magharibi. Akina mama wa jamaa wanaweza kupangiana zamu, mmoja kila siku mbili, mpaka arobaini itoke na wiki chache baada yake, kwa kuwa huzuni nyingine huanza pale wageni wanapokwisha. Anayekwenda zamu achukue uji, ampokee mtoto, amwambie mama alale, na akiamka amuulize analalaje usiku na moyo wake ukoje, kisha anyamaze asikilize. Akisikia yale tuliyoyataja, amwambie mshauri wa afya wa mudugudu au aongozane na mama hadi kituo cha afya cha Gahanga. Mituweli inafanya kazi hapo, na ndipo anapopewa karatasi ya rufaa. Ndera ina tawi lake la Icyizere hapa hapa Kicukiro. Mama anayenyonyesha amwambie daktari kwamba ananyonyesha, kwani dawa ziko ambazo hazimlazimishi kumwachisha mtoto.

Wallahu aalam.